Gwaride la Wacheki Wawili

Juzi tumemzika Gervas kule Kasokola. Watu walikuwa wengi, maturubai mawili, na mjukuu wake anayefundisha sekondari alisoma historia fupi ya marehemu: alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, alilima mahindi na karanga, aliongoza kigango, ameacha watoto, wajukuu na vitukuu. Nikasubiri afike kwenye tarumbeta. Hakufika. Alikunja karatasi, padri akaendelea na sala, na mimi niliyekaa mbele pamoja na vikongwe wenzangu nikaona kama anayezikwa ni mtu mwingine, yule niliyemjua mimi wamemsahau mahali. Ningeweza kuomba nafasi niseme neno. Lakini ningeanzia wapi? Ningesema kwamba marehemu na mimi siku moja tulikuwa Wacheki? Vijana wangetazamana, wangesema bibi jua limempiga, wangenisogezea kiti kivulini. Nikala wali wa msiba, nikanyamaza, nikapakiwa kwenye bajaji nikarudi Kakese. Njiani ndipo nikahesabu kichwani wote waliokuwa katika gwaride lile, mmoja mmoja, nikaona nimebaki peke yangu. Basi nalieleza mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kulieleza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, na mimi nilikuwa mke wa mtu kwa muda mfupi sana. Nilitoka Karema nikamfuata mume wangu, Anselmi, aliyepata kazi kwenye mgodi wa madini ya risasi hapa Mpanda. Tulipewa chumba katika kota za wafanyakazi, safu ndefu ya matofali yenye paa moja la bati, na kuta za kutenganisha vyumba hazikufika juu. Zilikomea kichwani pa mtu mrefu, halafu ni hewa tu mpaka bati. Kwa hiyo moshi wa jirani ulikuwa moshi wako, na kikohozi cha jirani ulilala nacho. Hatukumaliza kuzoeana na chumba kile Anselmi akaniambia anakwenda Kopa. Ndivyo tulivyoyaita machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako vijana wengi wa Ufipa na pwani ya ziwa walikuwa wakienda. "Nikipata kota huko nakuita," alisema. Alisema akifunga viatu, hakunitazama, nami sikuliona hilo kuwa jambo. Leo ningeliona. Wakati ule nilimfungia samaki wa migebuka waliokaushwa kwenye kitambaa na kumsindikiza hadi penye lori.

Upweke wa mwaka ule naukumbuka zaidi kwa sufuria. Nilikuwa nimezoea kupika sufuria ya nyumba yenye watu, na sasa nilipika ya mtu mmoja, na kila mara ugali ulizidi. Nilipunguza maji, nikapunguza unga, bado ulizidi. Nikawa nakula ugali wa jana asubuhi na chai, na mchana nakula uliobaki asubuhi. Lugha nayo ilinipungukia. Kambini palikuwa na Wafipa, Wapimbwe, Wanyamwezi, Warundi, Wasukuma, kila kundi na safu zake na vicheko vyake, na sisi wa Karema tulikuwa wachache, wote wanaume, na si vizuri mwanamke aliyeachwa chumbani peke yake kuonekana akipiga hadithi na wanaume. Nilikaa ndani nikisikiliza. Upande wa kulia alikaa Mama Sesilia na mumewe, Wafipa wa Namanyere, watu wa maneno mengi. Nilimjua yule mama kwa sauti kabla sijamzoea kwa uso. Nilijua chumvi yao ikiisha, nilijua mumewe akikasirishwa na msimamizi. Nilikula chakula changu kwa kufuatana na chao, wakianza naanza, wakimaliza nanawa.

Kazi niliipata kanisani. Masista wa misheni ya Karema walikuwa wamenifundisha kudarizi, na kwa kukosa la kufanya niliidarizi nguo ya altare ya kile kikanisa chetu cha mgodini, majani ya mzabibu pembeni mwote. Jumapili moja baada ya misa mzungu mwanamke alisimama mbele ya altare akiishika ile nguo kwa vidole viwili, akauliza nani ameifanya. Watu wakanisukuma mbele. Alikuwa mwembamba, mwenye nywele za rangi ya katani, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota jikoni kwa mpishi. "Wewe kuja nyumbani kwangu," aliniambia. "Kazi iko. Kazi ya sindano."

Jina lake lilikuwa Mila, na mumewe Karel, fundi mkuu wa mitambo ya kusagia mawe. Walikuwa Wacheki. Kambini hakuna aliyejua nchi hiyo iko wapi, ila jina lilipendwa mara moja, kwa sababu ya mchezo uliokuwemo. "Wacheki hawacheki," watu walisema, na kweli wale wawili hawakuwa watu wa kucheka. Wazungu wengine wa mgodi walikuwa Waingereza na Waskoti, wakikutana jioni klabuni kwao. Wacheki walikwenda huko mwanzoni, halafu wakaacha. Kiingereza cha Mila kilikuwa kibovu kama Kiswahili chake, na nilimsikia siku moja akimwambia mpishi kwamba afadhali kuwa kibovu jikoni, huko hawamsahihishi.

Nyumba yao ilikuwa juu kidogo, upande wa kilima, na mpaka leo ninaweza kuizunguka nimefumba macho. Sebuleni palikuwa na meza kubwa ya viti sita, na viwili tu ndivyo vilivyowekwa mito. Ukutani picha ya mji wenye daraja la mawe. Kwenye kona kodiani ya Bwana Karel ndani ya sanduku lake jeusi. Jikoni palinukia kabichi, maana Mila aliichachusha kwa chumvi kwenye mtungi wa udongo alioununua sokoni, mtungi wa kuwekea pombe, na mpishi alimwonea aibu kwa hilo. Mchana aliweka mezani kwangu madonge ya unga wa ngano yaliyochemshwa, meupe, mazito, yanakatwa kwa uzi badala ya kisu. Nilipoyaonja nikacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Ulikuwa ugali! Ugali wa ngano, uliokwenda mbali ukarudi. Mila akauliza nacheka nini, nikamwambia, naye akakaa upande wa pili wa meza ya jikoni na sahani yake. Mpishi akatoka nje. Memsabu kula jikoni na mtu mweusi lilikuwa jambo ambalo hata yeye hakutaka kulishuhudia. "Kula," Mila akasema. "Mimi hapana penda kula peke yangu. Bwana anakula kazini." Basi tukawa tunakula pamoja, karibu kila siku, bila maneno mengi. Sitasema tulikuwa marafiki. Nilimwita Mama Mila, alinilipa, na jioni nilishuka kilima kurudi kwenye safu za kota. Lakini kwa saa ile moja ya mchana sufuria zetu hazikuzidi.

Mgodi ulikuwa na sikukuu yake kila mwaka, wakati wa kiangazi. Mitambo ilizimwa, na kila kundi lilipita barabarani kutoka stesheni ya reli hadi uwanja wa mpira, na ngoma yake na mavazi yake. Wasukuma walikuwa na ngoma zao, Wanyamwezi zao, Wagoa wa ofisini magitaa, Waskoti lile zumari lao la mfuko linalolia kama mbuzi aliyebanwa. Nilikuwa nimekaa sebuleni nikipinda mapazia siku Bwana Karel alipolitamka. Alilisema kwa Kiswahili, nafikiri ili na mimi niwe upande wake.

"Skoti iko na zumari. Goa iko na gitaa. Sukuma iko na ngoma. Sisi iko na nini?"

"Sisi ni wawili, Karel," Mila alijibu.

"Wawili ni watu."

Halafu wakaendelea kwa lugha yao, wakapandisha sauti, na Mila akaingia chumbani. Bwana Karel akabaki amesimama. Kisha akafungua sanduku jeusi, akajifunga kodiani kifuani, akapiga. Nilikuwa nimeisikia ikiguswa, sikuwa nimeisikia ikipigwa. Ulikuwa muziki wa haraka, wa kurukaruka, kama mtu anayekimbia kwenda kupokea mgeni, na yule bwana aliupiga na uso wa mtu aliyefiwa. Mlango wa chumbani ukafunguka. Mila alisimama pale akiwa ameegemea kizingiti, na mguu wake, mguu tu, ukawa unaitikia.

Siku zilizofuata alinieleza. Katika mji wao mdogo kila mwaka kulikuwa na gwaride la namna hiyo. Bendi mbele, wasichana nyuma yake na tepe kichwani na aproni zilizodariziwa maua, waoka mikate wakigawa maandazi madogo yenye jamu katikati, na watu wote wakicheza polka, ngoma ya kwao, mpaka uwanja wa kanisa. Yeye alicheza na dada yake. Sasa nchi yao ilikuwa imefungwa, alisema, na alifanya ishara ya mtu anayefunga mlango na kugeuza ufunguo. Waliotoka hawawezi kurudi. Mama yake alikuwa ndani. Nikaendelea kudarizi. Alikuwa amenipa kazi ya aproni za gwaride. Alitaka ua moja jekundu linaloota kwenye mashamba ya ngano ya kwao, ambalo mimi sijawahi kuliona mpaka leo. Alinichorea kwa penseli, akaniambia ni laini, ukilichuma linakufa mkononi. Nikalidarizi kwa kukisia. Alipoona la kwanza alilipitishia kidole, akasema, "Si hivyo. Lakini acha hivyo hivyo."

Bendi ilipatikana kabla ya wachezaji. Gervas alikuwa opereta kwenye mtambo wa Bwana Karel, kijana mrefu wa Kasokola, amerudi kutoka jeshini na tarumbeta na mzaha. Alisikiliza polka mara moja, akasema, "Bwana, hii ni ngoma ya beni tu. Ila beni hii ina haraka, kama imeacha chungu motoni." Akaipiga. Saidi, mtu wa Ujiji, akashika ngoma kubwa. Kwa wachezaji palikuwa na taabu. Mila alitaka wanaume na wanawake, wawili wawili, wameshikana kiunoni. Kambi nzima ilizungumza. Hakuna mume aliyekubali mkewe ashikwe kiuno na mwingine barabarani, na hakuna mume aliyekubali kumshika wake mwenyewe hadharani pia. Mwisho Mila akasema basi, wacheze wanawake na wanawake, kama alivyocheza yeye na dada yake. Ndipo wakapatikana watatu: Mama Sesilia, kwa sababu mumewe alitaka kumpendeza Bwana Karel, na mdogo wake, na mke mmoja wa Kipimbwe aliyependa kila kitu chenye ngoma. Mimi nilikuwa wa nne. Yule wa Kipimbwe mumewe akamkataza katikati, akachukuliwa binti yake badala yake, binti akapata tumbo la kuhara, mama akarudishwa, na binti alipopona wakabaki wote wawili. Katika kubadilishanabadilishana huko nikajikuta sina wa kucheza naye mara nyingi, Mila akanishika mwenyewe. Mazoezi yalikuwa Jumapili alasiri nyuma ya karakana ya maseremala, kwenye vumbi la mbao. Kulia, kushoto, kulia, ruka. Mikono yake ilikuwa mikavu na yenye nguvu. Nilikuwa sijaguswa na mtu tangu Anselmi aondoke, na nitasema ukweli, ile ya kushikwa tu na mtu mwingine akakuzungusha, kichwa changu kilitaka kulia na miguu yangu ilitaka kwenda.

Habari za Anselmi zilinijia juu ya ukuta. Ilikuwa jioni, Mama Sesilia na mumewe wanakula, na mimi nakula upande wangu kama kawaida. Mtu alikuwa amerudi kutoka Kopa, mumewe akawa anaeleza nani yuko wapi na nani amefanya nini.

"Na Anselmi wa Karema?" Mama Sesilia akauliza.

"Yule ametulia. Ana kota, ana mwanamke wa Kibemba. Mtoto amezaliwa."

"Maskini. Na huyu wa hapa?"

"Sema taratibu."

"Amelala huyu, hana taa."

Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimekaa na tonge mkononi. Nakumbuka nilijiuliza niliweke wapi lile tonge, kama kwamba hilo ndilo jambo lenyewe. Kulirudisha kwenye sahani kungetoa sauti ya bati, wakajua nimesikia. Nikalishika mpaka likakauka. Watu huniambia huzuni inapiga kelele. Yangu ilikuwa ni kule kukaa bila kutoa sauti, ili jirani zangu wasione haya.

Jumapili iliyofuata mazoezini, Mila alikwenda kuzungumza na Gervas, na mimi nikawekwa na Mama Sesilia. Tulizunguka mara moja, tukazunguka mara ya pili. Nikamwuliza, "Mama Sesilia, mtoto ni wa kike au wa kiume?"

Alikosea hatua, akanikanyaga. Hakuniuliza mtoto gani.

"Wa kiume," alisema.

"Haya. Kulia, kushoto."

Tukaendelea kucheza. Alinishika kwa nguvu kuliko polka inavyotaka, na hatukulitaja tena.

Siku moja kabla ya sikukuu akaja shemeji yangu Fidelisi, mdogo wa Anselmi, na lori la samaki kutoka Karema. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililonipa shida, maana mtu mwovu ni rahisi kumkatalia. Alikaa juu ya kitanda changu, magoti yakigusa ukuta, akanywa chai niliyompa. Alisema wazee wamekaa wakaona si vizuri niendelee kukaa mgodini peke yangu. Nirudi nyumbani kwao nikamsubirie mume wangu huko.

"Lori linaondoka kesho saa nne, shemeji. Funga vitu vyako."

"Kaka yako ana mtoto huko Kopa. Mnajua?"

Alizungusha kikombe. "Tumesikia. Mwanaume akienda mbali, mambo hutokea. Atarudi tu. Wewe ni mke wa nyumba, yule ni wa kambini. Kusubiri ni kusubiri, bora usubirie kwa watu wako."

"Kesho kuna gwaride."

"Nimeambiwa hapo nje. Kwamba utavaa nguo za Wazungu uruke barabarani." Hakukasirika, alikuwa anasihi. "Shemeji Yustina, mimi nakuheshimu. Lakini ukifanya hivyo, nikifika nyumbani nitamwambia nini mama? Atasema si mke tena huyu. Na mimi sitakuwa na la kujibu."

Nikamwambia nitafikiri. Alikwenda kulala kwa jamaa wa Karema, na mimi nikafunga vitu vyangu kweli. Havikuwa vingi. Aproni niliiacha juu ya fundo.

Asubuhi nilipotoka, mpishi wa Mila alikuwa anakuja mbio. Bwana Karel ameshikwa na homa kali, amepelekwa hospitali ya mgodi, hajitambui, na memsabu yuko naye. Gwaride la Wacheki limekufa, alisema. Nikasimama pale mlangoni nikaliangalia fundo langu. Ingekuwa rahisi sana. Mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe, lori liko, shemeji yuko, Wacheki hawapo. Sijui kueleza kwa nini nilifunga aproni kiunoni. Nilikuwa na hasira, nadhani, na sikuwa na mtu wa kumpa hasira hiyo. Nikaifunga tu, nikafunga na tepe nyekundu kichwani, nikashuka stesheni.

Wenzangu walikuwapo wote, wamesimama kando wakiwa wamevaa, hawajui la kufanya. Makundi yalikuwa yameshaanza kuondoka. Msimamizi mmoja wa Kiingereza mwenye kofia alikuwa akiita kila kundi kwa zamu. Wasukuma wakaenda na vumbi lao. Wagoa wakaenda. Akaita, "Wacheki!" Hakuna aliyejibu. Alitutazama sisi, akatafuta mzungu kati yetu, hakumwona. "Wacheki wapo?" aliuliza tena, akawa tayari anageukia kundi linalofuata.

"Tupo," nikasema.

Gervas alinitazama. Watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Yule msimamizi naye akatabasamu, akafanya ishara kwa mkono, haya, piteni. Saidi akapiga ngoma, Gervas akainua tarumbeta, akaipiga polka bila kodiani. Ilisikika nyembamba, kama nyumba iliyobaki nguzo ya katikati peke yake. Lakini ilikuwa ndiyo yenyewe. Mama Sesilia akamshika mke wa Kipimbwe, mdogo wake Mama Sesilia akamshika yule binti, na mimi nikawa sina mtu. Nikainua mikono kama Mila alivyonifundisha, mmoja juu, mmoja kiunoni pa mtu ambaye hayupo, nikaanza. Kulia, kushoto, kulia, ruka.

"Yule anacheza na nani?" watu waliuliza pande zote mbili za barabara. "Anacheza na shetani yule!" Watoto walikimbia pembeni wakiniiga, mikono imekumbatia hewa. Lori la samaki lilikuwa limesimama karibu na maduka, na Fidelisi ameketi juu ya magunia. Tulionana. Nilikuwa karibu kiasi cha kumwita. Hakupiga kelele, hakutikisa kichwa. Alivua kofia akaiweka magotini, kama mtu anapoona jeneza linapita, akageuza uso kuelekea njia ya Karema. Nikapita. Miguu yangu ilikuwa inakwenda nami sina habari nayo, na machozi yananitoka wazi kabisa, na watu wakaona yamo katika mchezo wa Wacheki.

Barabara ya kwenda uwanjani ilipita mbele ya hospitali. Gervas alipofika pale aliacha njia. Hatukuwa tumepanga. Aligeuka tu akapanda kile kinjia, Saidi nyuma yake, na sisi tukafuata mpaka kwenye ukuta mfupi uliozunguka wodi ya Wazungu, na kundi lililokuwa nyuma yetu likatupita likaenda zake. Akapiga wimbo tangu mwanzo. Muuguzi alitoka akitufukuza kwa mikono. Halafu Mila akatoka. Nywele zilikuwa zimemwangukia, amevaa gauni la nyumbani alilokuwa nalo usiku, miguuni hana viatu. Alitutazama, tepe zetu, aproni zetu na maua yasiyo ya kweli, akatembea juu ya nyasi mpaka kwenye ukuta. Nilikuwa bado nimeinua mikono. Aliishika. Ukuta ulikuwa kati yetu, unafika kiunoni, kwa hiyo hatukuweza kuzunguka. Tulicheza palepale, yeye ndani, mimi nje. Midomo yake ilikuwa inaimba maneno na mimi sikuyasikia kwa sababu ya ngoma. Gervas alipoishiwa pumzi tukaachana. "Bwana amefungua macho," aliniambia. "Amesema tarumbeta iko chini sana, wapige juu." Akarudi ndani.

Tulifika uwanjani watu wameshaanza kula nyama, na hakuna aliyeuliza tulikuwa wapi. Jioni, niliporudi chumbani, Mama Sesilia aligonga mlango. Hakusema juu ya ukuta, alizunguka akagonga. Alikuwa na bakuli la nyama na ugali wa muhogo. Tukala, na alipomaliza akainuka akaenda kwake. Fundo langu lilikaa hivyo hivyo limefungwa kwa siku nyingi. Nilitoa kitu kimoja kimoja kadiri nilivyokihitaji, mpaka likaisha.

Bwana Karel alipona, akabaki mwembamba, rangi ya mshumaa. Mvua zilipoanza waliondoka kwa treni. Walikuwa wanakwenda Kanada, ambako Mila alisikia kuna Wacheki wengi, mji mzima. Mzungu mwingine hakuja kuwaaga; tulikuwepo Gervas, mpishi na mimi. Mila aliniachia cherehani yake ya mkono. Dirishani aliniambia maneno marefu kwa lugha yake, alisahau tu, au hakutaka kuyapunguza yaingie katika Kiswahili cha jikoni. Nikaitikia kwa Kibende, lugha ya kwetu, nami maneno marefu. Treni ikaondoka. Sikupata kujua kama Kanada walicheza, wala kama nchi yao ilifunguliwa yeye angali hai, ingawa miaka mingi baadaye nilisikia kwenye redio kwamba imefunguliwa, na nilizima redio nikakaa uani.

Mimi nilibaki Mpanda. Niliweka cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi, nikawa fundi, na watu waliacha kuniita mke wa Anselmi. Sikuolewa tena kwa miaka mingi. Gervas alioa kwao, tukionana tulisalimiana kwa kicheko, basi. Anselmi mwenyewe alirudi baada ya uhuru. Alitokea barazani mchana mmoja, kifua kimeharibika kwa vumbi la huko, koti kubwa kuliko mwili. Nilimjua kwa jinsi alivyosimama. Nikampa kigoda, nikamtilia uji, nikarudi kwenye cherehani kwa sababu nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Alikaa muda mrefu akisikiliza mashine inavyokwenda. Alisema yule mwanamke alishakufa, na mtoto amekua, amebaki kwa wajomba zake. Nikampa pole, na niliisema kwa moyo.

"Fidelisi aliniambia ulikataa kurudi nyumbani," akasema baadaye. "Hukunisubiri?"

"Nilikusubiri mwaka mmoja," nikamwambia. "Kunywa uji, unapoa."